Mlango Uliolia Mara Mbili

Ijumaa, mwezi 8 Mfungo Pili, mwaka wa Hijra 1304

Nimetoka tena. Jana nilisema sitatoka, na leo nimetoka.

Binti yangu Zuhura alikuwa amelala, mtoto wake ubavuni. Ubani umekwisha chetezoni. Zamu ya alfajiri ni yangu, kumkesha mzazi na mwanawe. Nikaweka kisu chini ya mto wa mtoto kimkinge na shetani, nikasoma Kulhuwallahu, nikajifunga kaniki ya Majaliwa. Majaliwa ni mjakazi wetu, yuko shamba Kaole, anavuna mtama. Kaniki yake inanuka moshi. Nikiwa ndani yake hakuna anayenitazama. Mwanamke wa heshima hutoka usiku, na taa, na mtu wa kumtangulia. Mjakazi hutoka saa yoyote, watu wanajua ametumwa.

Komeo la mlango wa uani ni la mti. Nililishika kwa mikono miwili lisilie. Likalia.

Nikapita nyuma ya maduka ya Wahindi. Mmoja anamwagia maji kizingiti chake, anaimba kwa puani. Harufu ya sandarusi na ya nazi kavu. Uwanjani Wanyamwezi wamelala mstari mrefu, wamejifunika gubigubi, mizigo yao vichwani mwao. Mmoja yu macho, anajikuna mguu kwa kijiti. Akaniambia, "Wangaluka." Sijui maana yake. Nikamjibu wangaluka, akafurahi sana.

Pembeni pana mwanamke wa vitumbua, anaitwa Mama Chausiku. Anaanza kupika watu hawajaamka. Akaniuliza, "Ee dada, bibi yako anakulisha?"

"Ananilisha."

"Hilo naliona mwenyewe. Mjakazi gani ana shavu hilo?"

Nikacheka mpaka kitumbua kikanipalia. Nimekila nimesimama, cha moto, mafuta yananitiririka mkononi. Sijawahi kula njiani tangu nizaliwe.

Halafu pwani. Maji yamekupwa mbali. Mchanga baridi, unauma nyayo kisha unazipoza. Kaskazini kengele ya mapadri inalia, na msikitini mwadhini anajisafisha koo. Nilisimama tu. Sikuwa nawaza kitu. Sina mahali pengine ambapo siwazi kitu.

Nilipoingia nyumba hii nilikuwa bibi harusi mdogo, na baba Zuhura ananiweka vizuri, sina la kumlaumu. Sasa yuko bara, Unyanyembe, na msafara wa pembe. Miaka yote hii mji huu nimeusikia kwa masikio. Nalijua kila jogoo la mtaa huu. Sikujua kwamba kuna nyumba ina dirisha la kijani.

Nimerudi kabla ya weupe. Wote wamelala. Nikashukuru Mungu, na hapo hapo nikajiona mwizi. Mzazi haachwi peke yake mpaka arobaini zitimie. Mimi mjukuu wangu nimemwachia kisu.

Sitoki tena.

Jumapili, mwezi 10

Sikutoka jana wala leo. Alfajiri yote nilikaa nikisikiliza. Mwuza kahawa akapita, vikombe vinagongana mkononi mwake, nikamfuata kwa masikio mpaka akapinda kona. Nikamwonea kijicho mwuza kahawa. Astaghafiru.

Mchana amekuja mkwe wangu Bi Tatu, mamake Sefu. Kaja na mkeka, mto, na kuku amemshika miguu.

"Mkwe, nimekuja kukupokea. Macho yako mekundu kama ya mvuta bangi."

"Karibu, mkwe. Nyumba yako."

"Nyumba yangu iko Dunda. Hapa nina mjukuu tu."

Ndivyo alivyo. Maneno yake yana miba, lakini kuku alimchinjisha, akampika mwenyewe, na Zuhura akala vizuri kuliko siku zote. Atalala ukumbini, karibu na ujia wa uani, mpaka arobaini zitimie. Kasema mimi nikeshe, yeye atashika mchana. Akaniambia nisiwe na hofu ya mwizi, yeye husikia hata panya akipiga miayo.

Tukamuulizia Sefu. Mume haingii chumba cha mzazi kabla ya arobaini, kwa hiyo Sefu amerudi kulala kwa mamake. Bi Tatu akasema, "Anazunguka nyumba kama paka aliyefungiwa samaki. Nimemwambia, mwanangu, samaki huyo ana siku zake."

Zuhura akajifunika uso. Tukacheka sote watatu.

Karatasi hizi ni za baba Zuhura za forodhani, naandika nyuma. Baba yangu alinifundisha herufi ili nisome msahafu. Haya ya kuandika maneno ya nyumbani nimejifundisha mwenyewe, na mistari yangu inapanda mlima.

Jumatatu, mwezi 11

Nimetoka. Bi Tatu alikuwa anakoroma, nikapita miguuni pake kama paka. Komeo likalia kidogo. Alisita kukoroma, kisha akaendelea.

Leo nimekwenda moja kwa moja pwani, nimeingia maji mpaka vifundoni. Wanawake wanangoja samaki, wamekaa juu ya vikapu vyao, wanatukanana kwa mapenzi. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mume wako akikohoa tu, mtaa wote unajua umempikia nini." Nilitamani kukaa nao. Sikukaa.

Kurudi, nimefika kwenye kichochoro cha nyumba yetu, nikamwona mtu ukutani. Nikajibanza nyuma ya rundo la boriti. Alikuwa Sefu. Kasimama nje ya chumba cha mkewe, kiganja ukutani. Ndani mtoto analia. Na Sefu ananong'ona na ukuta, "Nyamaza, baba. Nyamaza, baba yangu." Anabembeleza mawe. Adhana ikaanza, akaondoka mbio kwenda msikitini, kanzu ameikunja mkononi.

Hakuingia. Wala hakuufikia mlango. Maskini kijana wa watu. Nilicheka na machozi yananitoka.

Halafu mtoto akazidi kulia, nikaingia mbio. Na hapa ndipo nilipokosa. Mtu atokaye nje hamgusi mtoto mchanga. Husimama kwanza, akanawa miguu, akakaa motoni mpaka baridi ya njia imtoke. Nimewafunza hayo wasichana wote wa mtaa huu. Nikamnyakua mtoto na miguu yangu imelowa bahari. Akashtuka. Niliona alivyoshtuka.

Nimeikausha miguu kwa pindo la kaniki. Zuhura akafumbua macho, akasema, "Mama, una baridi." Nikamwambia ni kipupwe.

Jumatano, mwezi 13

Hanyonyi. Tangu jana adhuhuri. Akipewa ziwa anashika mara moja, analia, anageuza uso. Leo ana moto. Mkunga, Mama Mosi, amekuja, amempaka mafuta ya habasoda, amemfukiza. Akauliza, "Nani amemgusa ametoka nje?"

Bi Tatu akasema hakuna. Mimi nikasema hakuna.

Nimesema hakuna.

Alhamisi, mwezi 14

Maziwa ya Zuhura yamejaa mpaka kifua kinamuuma, nayakamua ndani ya kikombe, tunampa mtoto kwa kidole. Anapokea kidogo, mengine yanamtoka pembeni ya mdomo. Sauti yake imekuwa nyembamba. Kama kifaranga.

Baada ya alasiri Bi Tatu akafunga mlango wa chumba. Akakaa chini, akaitandaza leso yake magotini, akasema taratibu. Ingekuwa heri angepiga kelele.

"Mtoto huyu amebemendwa."

Kubemendwa ni hivi, kwamba mume na mke wamekutana kabla ya siku zao, na maziwa ya mama yameharibika. Neno hilo likishatajwa ndani ya nyumba halitoki tena.

Zuhura akasema, "Mama, sijakuelewa."

"Utanielewa. Juzi Jumatatu, kabla ya adhana, nimesikia mlango wa uani. Mara moja ukalia, mtu ameingia. Nikasema labda naota. Halafu adhana inaadhiniwa, ukalia mara ya pili, mtu ametoka. Na mke wa mshona kofia hapo jirani amemwona mwanangu anatoka kichochoro hiki mbio, nguo ameshika mkononi. Mwanangu nimemuuliza. Anasema alikuja kusikiliza ukuta." Akacheka, cheko baya. "Ukuta! Nimezaa mtoto mpumbavu, lakini si mpumbavu hivyo."

"Wallahi, mama, hakuingia."

"Usimtaje Mungu na hali mtoto anakufa."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mkwe, zamu ilikuwa yako. Ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Usingizi ulinichukua."

Zuhura akanitazama. Alikuwa ananingoja. Anajua mama yake si mtu wa kulala penye zamu. Alingoja niseme, mkwe, nilikuwa macho, hakuingia mtu. Maneno hayo tu. Nikainama nikapuliza mkaa wa chetezo, na mkaa ulikuwa unawaka.

Mlango ulilia mara mbili. Mara ya kwanza mimi natoka. Mara ya pili mimi naingia. Bi Tatu amesikia sawasawa. Kageuza tu nje na ndani.

Mimi ni mama gani?

Ijumaa, mwezi 15

Kuna mganga wa Saadani anayejua dawa ya kubemenda. Bi Tatu amemtumia mtu. Anatarajiwa kesho. Dawa yenyewe ni mzizi mchungu, mtoto anyweshwe, mama aoge. Na haishiki mpaka baba na mama wakiri kwa midomo yao mbele ya watu. Wasipokiri, Bi Tatu anasema, inamgeukia mtoto.

Mama Mosi hakupenda. Alisema mtoto huyu hana nguvu ya kutapika, atanyweshwa mzizi wa nini. Bi Tatu akamwambia kazi yake ilikuwa kitovu, na kitovu kimekwisha kudondoka.

Wanaume walipokuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, na Bi Tatu yuko kisimani anatawadha, Zuhura akanishika mkono. Mkono wake ni wa moto na mkavu.

"Mama, nitakubali. Nitasema aliingia."

"Utasema uongo?"

"Mtoto apone. Nani atanisikiliza mimi? Hata wewe ulikuwa umelala."

Nikaanza, "Zuhura, mwanangu," na Bi Tatu akaingia, mikono inachuruzika maji, nikanyamaza. Nilishukuru kuwa ameingia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilishukuru.

Najua kitakachokuwa. Sefu atasemwa mwezi mmoja, ni mwanamume. Zuhura atasemwa mpaka aingie kaburini, na mtoto akifa, itasemwa amemuua yeye. Na baba yake akirudi kutoka bara atakutana na habari hiyo njiani kabla hajatua mzigo.

Na mimi je? Nikisema nilikuwa nje, mke wa mtu, mume wangu yuko safari, peke yangu, nimevaa kaniki ya mjakazi, nakula vitumbua barabarani. Nani ataamini nilikuwa natembea tu? Kutembea kwenda wapi? Sikuwa nakwenda popote. Hilo ndilo halisemeki. Ningekuwa na sababu ningeisema.

Halafu nawaza, nikisema tu, Bi Tatu atajibu kwamba namfunika binti yangu. Mama yupi hatadanganya? Neno langu halitoshi sasa. Lingetosha jana.

Jumamosi, mwezi 16

Naandika adhuhuri.

Alfajiri nilimwamsha Mama Mosi, aliyelala nasi, nikamwambia akae na mzazi, asiondoke. Nikajifunga kaniki. Nikapita karibu na Bi Tatu, nikasimama mpaka nikaona jicho lake linang'aa. Hakuwa amelala. Alikuwa anavizia mwanawe. Nikaenda mlangoni, komeo nikaliachia likaanguka kwa uzito wake wote. Kuku wakaruka.

Nikatoka. Sikugeuka. Mwezi ulikuwa bado juu upande wa bara, mweupe, kichochoro chote kinaonekana. Nikasikia nyuma yangu mlango, kisha makubazi ya Bi Tatu, pa, pa, pa, na pumzi yake. Labda alidhani ni mjakazi aliyetumwa kumwita Sefu, sijui. Alikuwa anafuata mjakazi asiyemjua.

Nikapita njia yangu ile ile. Nyuma ya maduka. Mhindi anamwaga maji. Uwanjani yule Mnyamwezi wangu ameshaamka, anafunga mzigo, akapaza sauti, "Wangaluka, mayo!" Nikamjibu. Nikasikia makubazi yamesimama, kisha yakafuata tena. Mama Chausiku aliniona kwa mbali.

"Ee dada! Siku zote hizi uko wapi? Nilisema bibi yako kakuuza!"

"Nilikuwa na mgonjwa."

"Pole. Nimekuzoea. Tangu mwezi uandame kila nikipuliza moto na wewe umekuja. Juzi Jumatatu ulipita mbio, hata salamu hukunipa, unakimbilia pwani. Nikasema huyu ana mchumba baharini." Akatazama nyuma yangu. "Na huyo bibi aliyefunga leso kichwani ni wako?"

Nikageuka. Bi Tatu amesimama hatua chache, kichwa wazi nusu, anahema. Nikaishusha kaniki usoni mbele yake na mbele ya Mama Chausiku na mbele ya wanaume wawili wa kahawa.

"Mkwe," nikasema. "Ni mimi. Na Jumatatu nilikuwa mimi. Mlango ulipolia mara ya kwanza nilitoka, ulipolia mara ya pili niliingia. Sefu nilimwona kwa macho yangu, yuko nje, anabembeleza ukuta. Hakuingia. Mimi nilikuwa nyuma ya boriti. Adhana ilipoanza alikwenda msikitini, na mimi ndiye niliyeingia na miguu ya bahari nikamshika mtoto."

Bi Tatu akanitazama kuanzia nyayo mpaka juu. Akaishika kaniki kwa vidole viwili kama mtu anayeshika samaki aliyeoza.

"Mke wa mtu, mtu mzima," akasema. "Kaniki ya mjakazi. Unatafuta nini huku?"

"Sitafuti kitu."

"Mtu hatoki kitandani kwa kitu ambacho si kitu."

"Natembea, mkwe. Natembea, nasikia baridi miguuni, nakula kitumbua, narudi."

Mama Chausiku alikuwa amefunika mdomo. Kitumbua kinaungua kaangoni. Mwuza kahawa akageuka kutazama kwingine, Mungu amlipe kwa hilo.

Bi Tatu akavua leso yake ya mabegani, akanifunika kichwa. Akaivuta mbele mpaka macho yangu hayakuonekana, kwa nguvu, nywele zikaniuma. Akanishika mkono, tukarudi. Mlangoni akasema, "Mwanangu alikuwa anasema kweli, na mimi nimemwita mwongo mbele ya wajomba zake." Akaketi kizingitini, akalia. Nilikuwa sijui kama Bi Tatu hulia.

Tuliingia. Tuliosha miguu sote wawili. Nikamweleza Zuhura mbele ya Mama Mosi, yote, sikupunguza.

Hakulia. Alisema, "Nilikuuliza kwa macho."

"Najua, mwanangu."

"Ulipuliza mkaa."

"Najua."

Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamlaza upande wa ukuta, yeye akalala katikati yetu. Nimekaa chumbani mpaka sasa. Hajageuka.

Mganga wa Saadani alifika jua limepanda, na mkoba wake. Bi Tatu alimpokea uani, akampa chakula, akamwambia arudi, ugonjwa umebadilika jina. Aliondoka analalamika.

Mama Mosi amemtazama mtoto tena, polepole, amemsafisha kinywa kwa asali na kitambaa. Anasema ni kohozi la kipupwe limemziba, hawezi kunyonya na kupumua pamoja. Bi Tatu anasema ni baridi ya miguu yangu. Mimi naamini wote wawili.

Jumapili, mwezi 17

Amenyonya. Kidogo. Amelala, ameamka, amenyonya tena.

Nilikuwa uani nilipomsikia akigugumia. Nikasujudu pale pale kwenye majivu.

Jumanne, mwezi 19

Moto umemtoka. Analia kwa sauti nene, alhamdulillahi, mtaa mzima uamke.

Mji wote unajua. Wanawake wanakuja kumtazama mtoto, wanatazama miguu yangu. Mmoja aliniuliza mchanga wa pwani ni baridi kweli asubuhi, au nilizidisha. Aliuliza kwa kejeli, kisha akangoja jibu. Nikamwambia ni baridi. Akaomba maji.

Bi Tatu ameiosha kaniki, ameikunja, ameipeleka Kaole kwa mwenyewe kwa mkono wa mtu. Shemeji yangu, mdogo wa baba Zuhura, alikuja jioni, akasimama sebuleni, akasema nyumba hii ina jina. Nikasema ndiyo. Fundi atakuja kutia kufuli, na ufunguo atakaa nao Bi Tatu mpaka arobaini, halafu atakaa nao yeye. Atamwandikia kaka yake. Sikumwomba asiandike.

Sefu alipita kichochoroni, sasa anapita mchana, kwa haki yake. Akagonga ukuta wa jikoni. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia. Akasimama kidogo, akasema, "Mama, siku ile, uliniona nalia?" Nikasema sikuona. Akasema, "Ahsante."

Zuhura anasema nami yanayohitajika. Maji. Nguo. Uji umepoa. Nikiingia usiku kushika zamu anamwambia Mama Mosi abaki. Hanikatazi. Anahakikisha tu kuna mtu mwingine. Hana kosa. Nilimwacha na kisu mara ngapi, na mara ile moja aliponihitaji macho yakiwa wazi nilimwacha tena, nimekaa mbele yake.

Najiuliza usiku na mchana, ningeambiwa mtoto atakuwa salama, ningetoka tena? Ndiyo. Ningetoka. Ndiyo maana sistahili kuaminiwa upesi. Si kwamba nilitoka. Ni kwamba nilifurahi, nikajali aibu ya furaha yangu kuliko uchungu wa mwanangu.

Jumatano, mwezi 27

Mama Mosi amekwenda kwake, ana mzazi mwingine Kaole. Bi Tatu mafua yamemwangusha, amejifungia asije akamwambukiza mtoto, anatukohoa sote kutoka ukumbini.

Jana Zuhura alikesha mwenyewe. Nilikaa naye, kila mmoja pembe yake.

Leo kabla ya adhana mtoto alikuwa macho, ameshiba, anatazama taa. Zuhura anasinzia ameketi, kichwa kinaanguka, anashtuka, kinaanguka tena. Niliogopa kusema kitu. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka kwa magoti, akanisogelea, akamweka mtoto mapajani mwangu. Akainua mkono wangu yeye mwenyewe, akauweka chini ya kichwa cha mtoto, kama ananifundisha mimi.

Akarudi kitandani, akageukia ukutani. Nikangoja. Pumzi yake ikawa ndefu. Amelala.

Nje mtu alipita, na mwingine, na punda. Mtoto amenishika kidole. Mguu wangu mmoja ulikufa ganzi mpaka kiunoni na sikuusogeza. Kumekucha, na bado amelala.